Nani Hupanga Bei Kolwezi? Unga, nguo na dola katika mji wa shaba

Mwishoni mwa 2025 wakazi wa Kolwezi, mji wa shaba wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, walikutana na jambo lililowachanganya. Kwa miaka mingi walikuwa wamezoea faranka kushuka na bei kupanda. Kati ya Septemba na Oktoba mwaka huo mambo yakageuka: dola 1, iliyokuwa ikibadilishwa kwa zaidi ya faranka 2,800, ilianguka chini ya 2,500 katika muda wa wiki chache. Serikali ya Kinshasa ikawataka wafanyabiashara washushe bei. Sokoni, hata hivyo, bei za bidhaa nyingi zilishuka kwa kusitasita, na nyingine hazikushuka kabisa. Gunia la unga, viatu vya shule, kikwembe cha harusi na sabuni viliendelea kumuumiza mnunuzi. Aliyekuwa na dola chache mkononi aligundua kuwa sasa zinanunua vitu pungufu kuliko mwezi uliotangulia.

Hapo ndipo maelezo yakaanza kupishana. Wapo wanaosema wafanyabiashara ni walafi. Wapo wanaotupa lawama kwa barabara na mpaka. Wengine wanaona mitumba na bidhaa za kigeni ndizo zimeua kazi ya mikono ya nyumbani, na wengine wanataka maduka ya rejareja yarudishwe kwa Wakongo. Kila hoja ina ukweli ndani yake. Kila moja ikichukuliwa peke yake inapotosha. Makala hii inazipanga, inazipima, kisha inasema ipi inastahili kutangulizwa.

Usuli: mji uliozaliwa ukilishwa na kampuni

Kolwezi ni mtoto wa madini. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa 1906, ndiyo iliyoujenga mji huu ili kuchimba shaba ya upande wa magharibi wa Katanga. Wazungu walikaa katikati ya mji, karibu na ofisi na maduka. Waafrika waliwekwa katika kambi za wafanyakazi na katika mitaa ya wenyeji kama Manika. Mfanyakazi hakupewa fedha tu. Alipewa posho: unga, maharage, mafuta na mahitaji mengine ya nyumbani. Baada ya kampuni kutaifishwa mwaka 1967 na hatimaye kuitwa Gécamines, desturi hiyo iliendelea kupitia kantini, yaani maduka ya kampuni.

Mfumo huo ulikuwa na faida kubwa, kwani familia ya mfanyakazi haikulala na njaa. Lakini ulikuwa na gharama iliyojificha. Kampuni ndiyo iliyonunua, ikasafirisha, ikahifadhi na kugawa. Wakulima wa vijiji vya jirani hawakupata sababu ya kuzoea kuulisha mji, na wafanyabiashara wa mji hawakujenga maghala wala mitaji ya kutosha. Mgodi wa Kamoto ulipoporomoka mwaka 1990 na Gécamines ikaanza kuzama, mishahara ilichelewa kwa miezi na kantini zikafa. Mji wenye watu wengi ukabaki bila mfumo wa kujilisha. Waliouokoa walikuwa wanawake: mama waliobeba unga, samaki waliokaushwa na nguo kutoka mji hadi mji, kwa malori na kwa treni zilizochakaa.

Kisha ikaja sheria ya madini ya 2002, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines wakaachishwa kazi katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari wa 2003 na 2004. Wawekezaji wa kigeni waliingia. Mwaka 2015 Katanga iligawanywa, na Kolwezi, yenye komini mbili za Dilala na Manika, ikawa makao makuu ya jimbo la Lualaba. Leo Kongo hutoa zaidi ya theluthi mbili za kobalti ya dunia, na sehemu kubwa inatoka katika ukanda huu. Fedha zimeongezeka na watu wamemiminika, lakini udhaifu wa mwanzo umebaki: mji huuza bidhaa za aina chache sana, na karibu kila unachokula au kuvaa kinatoka mbali.

Njia za bidhaa hizo ni za namna tatu. Unga wa mahindi, ambao bila huo hakuna bukari (ugali) mezani, kwa sehemu kubwa hutegemea Zambia kupitia Kasumbalesa. Nguo mpya, viatu, vyombo na simu hutoka China, Uturuki na Dubai, mara nyingi kupitia bandari ya Dar es Salaam au mikononi mwa wachuuzi wanaonunua Kariakoo. Mitumba huja katika baloti kutoka Ulaya, Amerika na Asia. Kikwembe kina ngazi zake: juu kipo cha Vlisco, kampuni ya mji wa Helmond, Uholanzi, iliyoanza 1846, na chini yake kuna vikwembe vya China vinavyoiga michoro ileile kwa bei ndogo zaidi.

Hoja ya kwanza: lawama ni ya wafanyabiashara na kiwango chao cha dola

Hoja hii ndiyo inayosikika zaidi, nayo ina nguvu kuliko wafanyabiashara wanavyokubali. Jibu lao la kawaida ni kwamba mzigo ulinunuliwa wakati dola ilipokuwa juu. Tufanye hesabu ya mfano. Mfanyabiashara amenunua shati kwa dola 10 na anataka kuliuza kwa dola 12. Dola ikiwa faranka 2,800, bei ni faranka 33,600. Dola ikishuka hadi 2,400, bei inayolingana ni faranka 28,800. Akiuza kwa bei hiyo mpya anapata dola zake 12 zilezile, na anaweza kurudi kununua mzigo kama ule. Hajapoteza kitu. Akiendelea kudai faranka 33,600, sasa anapata dola 14. Kwa anayenunua na kuhesabu kwa dola, basi, utetezi wa mzigo wa zamani ni dhaifu.

Wanaoumia hapa ni makundi mawili. Mwalimu na mtumishi wa serikali, wanaolipwa kwa faranka, walistahili kupata nafuu na hawakuipata yote. Mfanyakazi wa mgodi au mpangishaji wa nyumba anayepokea dola ndiye aliyepoteza hasa: akienda kwa kambisti, yaani mbadilishaji fedha, anapewa faranka chache, na dukani bei ni ileile. Ndiyo maana habari njema ya Benki Kuu, kwamba faranka imepata nguvu, ilipokelewa kwa manung'uniko katika nyumba nyingi.

Hata hivyo hoja ina mipaka yake. Kwanza, si gharama zote zinazohesabiwa kwa dola. Vibarua, ushuru wa soko na usafiri wa ndani hulipwa kwa faranka, na hizo hazikupungua. Pili, mfanyabiashara aliyeona faranka ikianguka kwa miaka mingi hana sababu ya kuamini kwamba itasimama. Anaacha nafasi ya kujikinga. Tatu, na hili husahaulika, fedha ya Zambia nayo ilipata nguvu mwaka huohuo wa 2025, kutoka karibu kwacha 28 kwa dola hadi karibu 23. Bidhaa yenye bei ya kwacha ilihitaji dola nyingi zaidi kuinunua. Sehemu ya nafuu ya faranka ilimezwa kabla lori halijafika mpakani.

Kulazimisha bei kwa amri nako kuna hatari. Polisi akikagua bei, mwenye duka kubwa anaweza kujadiliana naye. Mama mwenye meza sokoni hawezi. Bei ikiwekwa chini ya gharama, mzigo hufichwa au hupelekwa mji mwingine. Ukaguzi una maana pale ambapo waingizaji wakubwa ni wachache na hesabu zao zinaweza kuonekana. Kwa maelfu ya wachuuzi wadogo, dawa ni ushindani na uwazi wa bei.

Hoja ya pili: barabara, mpaka na gharama za njiani

Hoja hii inasema kwamba bei ya Kolwezi hutengenezwa njiani. Ramani inaiunga mkono. Bidhaa ya Zambia hupita Kasumbalesa, karibu kilomita 100 kutoka Lubumbashi. Kisha kuna kilomita 300 hivi kupitia Likasi hadi Kolwezi, zenye vituo vya kulipia barabara na foleni za malori ya madini. Mpakani kuna forodha, yaani DGDA, kuna OCC inayokagua ubora, kuna uhamiaji, kuna afya. Amri ya serikali ya 2002 iliruhusu idara 4 tu kufanya kazi mpakani, lakini idadi ya wanaodai malipo imezidi hapo kwa miaka mingi. Juu yake kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, inayotozwa tangu 2012.

Historia ya reli inaeleza zaidi. Reli ya Benguela iliunganisha Katanga na bandari ya Lobito, Angola, mwaka 1931. Wakati huo Kolwezi ilikuwa upande wa kuingilia: bidhaa zilizotoka upande wa Bahari ya Atlantiki ziliufikia mji huu kabla ya Likasi na Lubumbashi. Vita vya Angola vilikata reli mwaka 1975, na upande wa Angola ulizinduliwa upya hadi mpaka wa Luau mwaka 2015 tu. Katika miaka hiyo 40 Kolwezi iligeuka kuwa mwisho wa njia. Mzigo mwingi ulipaswa kupita kwanza Lubumbashi, na kila mkono uliougusa njiani ulitaka fungu lake.

Udhaifu wa njia moja ulionekana wazi Agosti 2024. Kongo ilipiga marufuku uingizaji wa bia na vinywaji baridi, maandamano yakazuka upande wa Kongo wa Kasumbalesa, na Zambia ikafunga mipaka yake kwa siku chache hadi mazungumzo yalipofanyika. Mwaka huohuo ukame mkali, uliotangazwa na Zambia kuwa janga la taifa, ulipunguza mahindi na kuifanya ilinde chakula chake kwanza. Mji unaotegemea jirani mmoja hubeba matatizo ya jirani huyo.

Nguvu ya hoja hii ni kwamba inagusa bidhaa zote, unga na nguo pia. Udhaifu wake ni wa aina mbili. Ushuru ukipunguzwa, serikali inapoteza mapato inayohitaji kulipa walimu na hospitali. Na hakuna uhakika kwamba muuzaji atampa mnunuzi nafuu hiyo, kama tulivyoona katika suala la faranka. Tena, ujenzi wa njia mpya hufuata maslahi ya anayelipa. Njia ya Lobito imepata wawekezaji na mikopo ya kigeni kwa sababu ya shaba na kobalti inayotoka. Ikiwa mabehewa yatarudi matupu, mama wa sokoni Manika hatafaidika na chochote.

Hoja ya tatu: zuia mitumba, jenga viwanda

Watetezi wa hoja hii wanakumbusha kwamba Kongo ilikuwa ikijitengenezea nguo. Kulikuwa na Filtisaf huko Kalemie, Sotexki huko Kisangani, na Utexafrica Kinshasa. Enzi za Rais Mobutu, suti na tai vilipokatazwa na abakosi ikawa vazi la heshima la mwanamume hadi 1990, vazi hilo lilishonwa pia na mafundi wa nchini, na kikwembe kilisukumwa kuwa vazi la mwanamke. Leo fundi wa Kolwezi anaona shati la mtumba likiuzwa kwa bei iliyo chini ya gharama ya kitambaa chake.

Majirani wametupa masomo mawili. Zambia ilifungua milango katika miaka ya 1990; mitumba, wanayoiita salaula, ilienea, na viwanda kama Kafue Textiles na Mulungushi Textiles vikaanguka. Lakini mitumba haikuwa sababu pekee. Mashine zilikuwa zimezeeka, na nguo mpya za Asia ziliingia kwa bei ndogo. Somo la pili ni la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwaka 2016 wakuu wa nchi walikubaliana kuondoa mitumba ifikapo 2019. Marekani ilitishia kuziondolea nchi hizo nafuu ya AGOA, mpango wake wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru. Kenya, Tanzania na Uganda zikalegeza msimamo. Rwanda, iliyokuwa imepandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, ilishikilia, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa nafuu hiyo. Kongo, iliyojiunga na Jumuiya mwaka 2022, inaurithi mjadala huo.

Uzuri wa hoja hii ni kwamba inatazama mbali: mji wenye madini yatakayokwisha unahitaji kazi nyingine. Lakini katika Kolwezi marufuku yangefanya madhara mengi mapema na mema machache baadaye. Kiwanda cha nguo kinahitaji pamba, wataalamu na umeme usiokatika, na umeme wa ukanda huu unagombewa na migodi. Mpaka ni mrefu na magendo ni rahisi. Wanaouza mitumba kwa sehemu kubwa ni wanawake wenye mtaji mdogo, na wanaonunua ni familia zinazovalisha watoto wanne au watano kwa mshahara mmoja. Nafasi inayoachwa na mtumba haichukuliwi na fundi wa mtaani. Huchukuliwa na nguo mpya hafifu kutoka Asia, inayochanika baada ya kufuliwa mara chache.

Hoja ya nne: rejareja iwe ya Wakongo

Hoja hii ina msingi wa kisheria. Sheria ya Januari 1973 na amri ya 1979 zinahifadhi biashara ndogo kwa raia. Hata hivyo katika miji ya madini maduka ya Wachina, Wahindi na Walebanoni yanauza hadi kitu kimoja kimoja. Mchuuzi Mkongo anajikuta akishindana na mtu ambaye huenda ndiye pia mwingizaji wake wa jumla. Huo si ushindani sawa, na malalamiko yake ni ya haki.

Lakini historia inatuonya. Novemba 1973 Mobutu alitangaza Zairianisation: maduka na mashamba ya wageni yaligawiwa raia, wengi wao wakiwa watu wa karibu na utawala. Bidhaa zilikauka madukani, na miaka michache baadaye serikali ilianza kuwarudisha wenye mali. Kasoro ilikuwa kugawa maduka bila mtaji, bila ujuzi na bila njia za kununulia bidhaa. Kuwafukuza wageni leo bila kuwaandaa wenyeji kungerudia kosa hilo, na bei ingepanda kwanza kwa mnunuzi maskini. Sheria itumike kwa kipimo: mwagizaji wa jumla abaki kwenye jumla, na mchuuzi apewe uwezo wa kununua moja kwa moja.

Kupima hoja

Tukiziweka hoja nne kwenye mizani, maswali matatu yanasaidia. Ni bidhaa ngapi zinaguswa? Nani analipa gharama ya mabadiliko? Na ni nani aliye na mamlaka ya kutenda hapa Lualaba, bila kungoja Kinshasa?

Kwa swali la kwanza, gharama za njia zinatangulia, kwa sababu zinakaa ndani ya bei ya kila kitu. Suala la dola linafuata: linaeleza kwa nini bei hupanda haraka na kushuka polepole, ila halielezi kwa nini ilikuwa juu tangu mwanzo. Kwa swali la pili, marufuku ya mitumba na kufukuza wageni huwatwisha mzigo maskini kwanza, na faida yake ni ya baadaye na haina uhakika. Kwa swali la tatu, thamani ya faranka iko mikononi mwa Benki Kuu. Lakini maghala, masoko na ununuzi wa ndani kwa sehemu kubwa viko mikononi mwa jimbo, komini na kampuni.

Na fedha zipo. Sheria ya madini iliyorekebishwa 2018 inatenga asilimia 25 ya mrabaha kwa jimbo na asilimia 15 kwa maeneo yenye utawala wake, zikiwemo komini zenye migodi ndani yake. Inazitaka kampuni pia kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii. Fedha hizo zikijenga maghala ya unga, mchuuzi mdogo atanunua kwa wingi wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, badala ya kukimbilia mpakani wakati wa njaa. Zikikarabati barabara za vijijini, mahindi ya Lualaba yenyewe yatafika sokoni. Wakati wa Gavana Moïse Katumbi kampuni za madini za Katanga ziliamriwa kila moja ilime hekta 500. Wazo lilikuwa zuri, lakini mgodi si mkulima. Ni afadhali kampuni ziwe wateja wa wakulima kwa mikataba ya kudumu.

Kwa nguo nako kuna njia ya kati. Fundi hahitaji marufuku. Anahitaji mteja wa uhakika. Sare za bluu na nyeupe za wanafunzi ni soko linalorudi kila mwaka. Mavazi ya kazi ya migodini ni soko jingine, na sheria ya 2017 ya ukandarasi mdogo inazihifadhi kazi za namna hiyo kwa kampuni ambazo sehemu kubwa ya mtaji wake ni ya Wakongo. Mafundi wa Manika wakiungana katika ushirika, wakanunua kitambaa na vyerehani pamoja, wanaweza kushika sehemu ya zabuni hizo. Wakipata nguvu hapo, ndipo mjadala wa ushuru wa mitumba utakuwa na maana, kwa kuwa atakuwepo wa kujaza nafasi.

Hatua hizi zina gharama. Ghala linaweza kugeuzwa mali ya wakubwa, zabuni inaweza kupewa ndugu wa afisa, na fedha za mrabaha zinaweza kupotea njiani. Bila hesabu kubandikwa hadharani katika ofisi ya komini, mpango mzuri utaishia mifukoni. Tena, uchumi wa mji wote unayumba na madini: Kongo iliposimamisha uuzaji wa kobalti nje mwezi Februari 2025, kisha ikaweka viwango vya kuuza kuanzia Oktoba, wanaotegemea kobalti walilazimika kubana matumizi, na mchuuzi alikuwa wa kwanza kuliona.

Muhtasari

Bei ya Kolwezi ina wazazi wengi. Mfumo wa posho uliuacha mji bila maghala na bila wakulima wa kuulisha. Reli iliyokatika 1975 iliuweka mwisho wa njia. Dola iliingiza woga katika kila hesabu, na wafanyabiashara wengine walitumia woga huo kujiongezea faida. Mitumba na maduka ya wageni yalijaza pengo lililokuwepo. Hayakuwa chanzo chake.

Kwa hiyo mpangilio wa kazi uwe huu: kwanza gharama za mpaka na barabara, pamoja na maghala ya chakula, pili soko la uhakika kwa mafundi na wakulima wa Lualaba, tatu ukaguzi wa waingizaji wakubwa pale faranka inapopanda na bei ikagoma kushuka, mwisho, na kwa hatua ndogondogo, ushuru wa mitumba na utekelezaji wa sheria ya rejareja. Viongozi wa jimbo na wa komini waulizwe kila mwaka fedha za mrabaha zimejenga nini kinachopunguza bei ya unga na nguo. Swali hilo ni haki ya kila mkazi wa Manika anayetoka asubuhi kwenda sokoni, na alirudie mpaka alipate jibu lenye tarakimu.